Kabla hujamlaumu mke

Jirani yangu hapa Baba Dogo, mfanyakazi wa tanuri kiwandani, ana miaka mitano ya ndoa bila mtoto. Lawama zote amemtwika mkewe. Nilimweleza hivi. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote ndani ya ovari, milioni moja hadi mbili. Akishabaleghe, kwa kawaida hupevuka moja kila mwezi, kama 400 tu maishani. Mwanamume huanza kutengeneza mbegu anapobaleghe, mamilioni kila siku, na kila mbegu huchukua kama siku 70 kukamilika. Korodani zimewekwa nje kwa kuwa zataka ubaridi kidogo kuliko mwili. Homa kali, tumbaku na joto jingi huharibu mbegu. Basi ndugu zangu, mke akipimwa, nawe nenda kapimwe.