Meno Bandia na Vita vya Hataza

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa na nadhani mnastahili kujua sababu. Nimepoteza meno matatu ya mbele, na nimeyapoteza ndani ya matatu. Cheka tu, mimi mwenyewe nimeshacheka. Dereva alirukia tuta bila kupunguza mwendo, mdomo wangu ukagonga chuma cha kiti cha mbele, basi.

Siku hizi nina meno bandia. Ni kipande cha akriliki cha rangi ya waridi kinachokaa kwenye kaakaa, chenye meno matatu mbele na vikulabu viwili vya waya vinavyoshika magego. Nilikilipia pesa kidogo kuliko nilizonunulia simu yangu. Nilipomuuliza daktari mbona si ghali zaidi, alinijibu kwamba vifaa ni vya kawaida na kila fundi anajua kazi hiyo. Jibu hilo lilinikaa kichwani. Sisi waandishi wa programu tunajua vizuri kwamba jambo linaweza kujulikana na kila mtu na bado lisiruhusiwe kwa kila mtu. Nikaanza kusoma. Kwa hivyo leo hakuna msimbo, leo ni historia.

Viboko, maiti na springi

Anayetengeneza meno bandia ana maswali mawili ya kujibu: ayatengeneze kwa kitu gani, na yashikeje kinywani.

Katika karne ya 18 mafundi wa Ulaya walichonga pembe za ndovu na meno ya kiboko. Asili ya kiboko ni Afrika, kwa hivyo tajiri wa Paris au London alikuwa akitafunia mnyama wa mito ya bara letu. Tatizo ni kwamba vitu hivyo vilioza kinywani na kunuka. Wengine walitumia meno ya watu, yaliyonunuliwa kwa maskini au kung'olewa kwa maiti. Baada ya vita vya Waterloo mwaka 1815, meno mengi ya askari waliokufa yaliuzwa hivyo, hata yakapata jina: meno ya Waterloo.

George Washington alipoapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu. Watu husema alivaa meno ya mbao. Si kweli. Seti zake zilikuwa na risasi, pembe, meno ya wanyama na meno ya binadamu, na springi za kusukuma taya la juu na la chini zitengane, hivi kwamba ilimbidi akaze mdomo ili ufungike. Daftari lake la hesabu la mwaka 1784 linaonyesha malipo kwa watu weusi kwa meno 9. Hawa huenda walikuwa watumwa wake mwenyewe. Ukiitazama sura yake kwenye noti ya dola, kumbuka hilo.

Waliokuwa na meno ya mbao hasa ni Wajapani, na yalikuwa mazuri. Mtawa wa Kibudha aitwaye Nakaoka Tei, aliyefariki mwaka 1538, aliacha seti ya juu iliyochongwa kutoka kipande kimoja cha mti. Fundi aliilinganisha na kaakaa lake kwa makini hata ikashika bila springi yoyote. Siri yake ni ile ile ya vioo viwili vilivyolowa maji: vikilingana sawasawa, kuvitenganisha ni kazi. Mate ndiyo maji yenyewe.

Ulaya nayo ilipata kauri. Mwuza dawa Mfaransa, Alexis Duchâteau, alichoshwa na harufu ya meno yake ya kiboko, na miaka ya 1770 akajitengenezea ya kauri. Daktari wa meno aliyemsaidia, Nicolas Dubois de Chémant, aliendeleza wazo hilo na mwaka 1789 akapewa hataza na mfalme wa Ufaransa. Hataza, kwa wasiolijua neno hili, ni haki ya kisheria inayompa mvumbuzi mamlaka ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake kwa miaka kadhaa. Duchâteau alipinga, akashindwa. Vita vya hataza za meno vikaanza hapo.

Etha na raba

Mambo mawili yalibadilisha kazi hii katikati ya karne ya 19, yote mawili Marekani.

La kwanza ni etha. Mwaka 1846 daktari wa meno wa Boston, William Morton, alionyesha hadharani kwamba mgonjwa akivuta mvuke wa etha anaweza kupasuliwa bila kusikia maumivu. Morton alikuwa mtengenezaji wa meno bandia, na wateja walikuwa wakiogopa kung'olewa mizizi ya meno yao mabovu. Hofu ilipoondoka, watu wengi walikubali kung'olewa, na waliong'olewa walihitaji meno mapya.

La pili ni raba. Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupikwa hauyeyuki kwa joto wala haukatiki kwa baridi. (Kampuni ya matairi ilikopa jina lake tu mwaka 1898, naye alikuwa amefariki tangu 1860, akiwa na madeni.) Ndugu yake Nelson aliongeza salfa na mwaka 1851 akapata hataza ya raba ngumu kama mbao, iitwayo valkanaiti.

Kwa madaktari wa meno hiki kilikuwa kitu cha ajabu. Unachukua umbo la fizi za mgonjwa kwa plasta. Unatengeneza seti ya nta juu yake na kupanga meno ya kauri. Unaifunga kwenye kalibu, unaondoa nta, unajaza raba laini mahali pake, unapika kwa mvuke. Inatoka ngumu, nyepesi, na imelingana na kinywa. Kabla ya hapo, kilichoshinda mifupa na pembe kilikuwa dhahabu, na dhahabu si ya kila mtu. Sasa mtu wa kawaida angeweza kuwa na meno.

Mtu mmoja, hataza moja

Hapa ndipo niliposoma hadi usiku wa manane.

Daktari aitwaye John Cummings aliomba hataza ya kutumia raba hiyo kutengenezea meno. Ombi lilikataliwa zaidi ya mara moja, lakini mwaka 1864 alipewa. Hataza yake ikaangukia mikononi mwa kampuni ya Goodyear Dental Vulcanite. Wakati huo madaktari walikuwa tayari wamezoea raba. Ghafla wakaambiwa walipe leseni kila mwaka, na juu yake mrabaha kwa kila seti.

Mweka hazina wa kampuni, Josiah Bacon, aliwasaka waliokataa. Alizunguka mji baada ya mji, akakusanya ushahidi, akawapeleka mahakamani. Wengine walilipa wakinung'unika, wengine walijificha. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na kampuni ikashinda.

Daktari Samuel Chalfant alihama mara kadhaa akimkimbia Bacon, akitoka mashariki ya nchi hadi San Francisco. Bacon akamfikia huko pia. Tarehe 13 Aprili 1879, Jumapili ya Pasaka, Chalfant alimfuata Bacon katika chumba chake cha hoteli na kumpiga risasi. Bacon alikufa, Chalfant akafungwa. Mwaka 1881 hataza ikaisha muda wake, na raba ikawa ya kila mtu. Kama Chalfant angevumilia miaka miwili tu!

Ninyi mliotengeneza tovuti zamani mtakumbuka jambo linalofanana, bila bastola. Picha za GIF zilitumika kila mahali kabla ya Unisys kutangaza mwishoni mwa 1994 kwamba ina hataza ya njia ya kuzibana na kwamba wenye programu walipe. Jibu la watu lilikuwa PNG, muundo usio na mwenyewe. Hataza hiyo ilikwisha Marekani mwaka 2003. Madaktari nao walijaribu PNG yao: seluloidi, mwaka 1870. Ilipinda kinywani na kunuka kafuri. Si kila mbadala hufaulu.

Valkanaiti ilitawala hadi akriliki ilipoingia mwaka 1937. Akriliki inapakwa rangi ikafanana na fizi, na ndiyo niliyonayo.

Kinywani mwangu

Kuishi nayo kunataka subira. Wiki ya kwanza mate yalijaa kana kwamba nimekula ndimu. Neno ninalolitumia sana kazini ni "sistimu", na kila nikilisema napiga mluzi. Mteja mmoja kwenye simu aliniuliza kama nafuga ndege. Nilifanya mazoezi ya kusoma gazeti kwa sauti, mluzi ukapungua. Ugali hauna shida. Mahindi ya kuchoma ninayapukuchua kwanza. Usiku natoa meno na kuyaweka kwenye maji baridi, maana ya moto huyapinda.

Nyanya yangu alifunika mdomo kwa leso miaka mingi kila alipocheka. Nilidhani ni haya za kizee. Sasa najua alikuwa anaficha nini, kwa sababu siku kumi kabla ya meno yangu kuwa tayari mimi pia nilicheka mkono ukiwa mdomoni.

Miaka hii meno bandia yameanza kuchorwa kwenye tarakilishi na kuchapishwa kwa mashine, na programu zinazofanya kazi hiyo zinauzwa kwa leseni. Sipingi mtu kulipwa kwa jasho lake, mimi mwenyewe nauza programu. Ila nikikumbuka ile leso, najiuliza ni nyanya wangapi watasubiri hataza ziishe ndipo wacheke.

Ni hayo kwa leo. Wiki ijayo tunarudi kwenye msimbo. Na ukipanda matatu, usikae nyuma ya kile kiti cha chuma.