Njaa ya Mwili katika Bonde la Rufiji

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walisema wahenga. Na historia ya bonde la Rufiji ni ushahidi wa neno hilo. Kwa watu wa Chumbi, Muhoro na Kibiti mto ndio mlishaji, na mto huo huo ndio mnyang'anyi. Maji yakipungua, wakulima hupanda mlau katika udongo wenye unyevu. Yakizidi, mpunga na mahindi huzama pamoja.

Mwanzoni mwa mwaka 1917 vita vya Waingereza na Wajerumani vilikuwa vimefika bondeni, na mvua kubwa zikakata njia za posho. Askari wa Nigeria waliopigana upande wa Waingereza walipunguziwa chakula. Jeshi la von Lettow-Vorbeck nalo lilikula mahindi ya nchi. Wapagazi waliendelea kubeba mizigo. Posho isipotosha kazi, mwili hujila wenyewe: kwanza akiba ya mafuta, na pamoja nayo misuli ile ile ichukuayo mzigo.

Jambo hilo lilikuja kupimwa mbali na Afrika. Katika miaka ya 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, kwa muda wa miezi 6 hivi. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, na nguvu ambayo mwili huitumia ukiwa umepumzika ikapungua kwa karibu asilimia 40. Walipolishwa tena walikula kupita kiasi chao cha zamani, na baadhi yao walisema wangali na njaa hali matumbo yamejaa.

Sababu ya hali hiyo ilidhihirika zaidi baadaye. Leptini, iliyogunduliwa katika 1994, hutoka katika mafuta na kuupelekea ubongo habari za akiba iliyopo. Lakini A. G. Dulloo na wenzake, walipochambua upya hesabu za Minnesota katika 1997, waliona kwamba hamu ya kula haikutegemea mafuta peke yake. Mafuta yalirudi upesi, misuli ikachelewa. Na ulaji mwingi uliendelea wakati misuli ilipokuwa bado haijarejea. Kumbe nyama ya mwili nayo hudai haki yake.

Elimu hii inaihusu Rufiji bado. Baada ya gharika ya 1968 serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni kwenda vijiji vya mahali pa juu. Na Aprili 2024 maji yalifunika tena mashamba ya Rufiji na Kibiti. Kila mara chakula cha msaada hugawiwa, na kila mara huja siku ya kukikatiza. Anayekikatiza kwa kuona mashavu yamejaa hupima mafuta, wala hapimi misuli itakayoshika jembe. Na anayemwita mlafi mtu aliyetoka katika njaa humlaumu kwa deni ambalo mwili wake haujamaliza kulipwa.