Ukitoka Momela, Pita Engare Nanyuki

Wadau, Arusha hatuna bahari. Anayetaka hifadhi yenye ufukwe wa bahari aende Saadani. Sisi tuna Momela: maziwa ya magadi yenye heroe, msitu wa mbega, na njia za kutembea kwa miguu chini ya Mlima Meru, askari mwenye bunduki akikuongoza.

Wengi wetu tukishampiga picha twiga tunageuza gari kurudi mjini. Lakini nje kidogo ya geti la Momela kuna Engare Nanyuki, na pale pana historia yetu.

Mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 na kuchoma nyumba zao, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu wafugie ng'ombe. Wameru hawakushika mikuki. Walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa, New York, miaka mitatu kabla ya Nyerere. Kwenye Baraza Kuu hoja yao ilikosa theluthi mbili ya kura. Hata hivyo, Watanganyika walishaona kwamba mkoloni anaweza kushtakiwa mbele ya dunia. TANU ikazaliwa 1954.

Hifadhi yenyewe ilianza 1960 kwa jina la Ngurdoto. Mlima Meru ukaongezwa 1967.

Waliokuwa watoto mwaka ule wa 1951 sasa ni wazee, na wanazidi kupungua. Ukimkuta mmoja, mpe shikamoo yake, kaa chini, muulize.