Mafuta Kabla ya Kuzama

Hapa Mafia upepo wa chumvi hula chuma upesi. Pikipiki iliyoachwa bandani bila mafuta hushikwa na kutu, hata pistoni isisogee. Basi na tukumbuke merikebu ya Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen. Mwezi wa Julai 1916 Wajeremani waliizamisha wenyewe, isitwaliwe na adui; lakini kwanza mafundi wao waliipaka mitambo yake mafuta mazito. Mwaka 1924 Waingereza wakaiopoa, mitambo ikaonekana ingali yafaa, na mwaka 1927 ikasafiri tena kwa jina la Liemba. Mafundi wale walimtunzia mgeni.

Nasi tuachapo pikipiki, tuipake mafuta kwanza. Naye aifufuaye asianze kwa teke. Atie mafuta silindani, angoje, kisha aizungushe taratibu.