Burma au Myanmar: Jina la Nchi na Wajibu wa Mhariri

Mhariri wa ensaiklopedia anayeandika kuhusu nchi inayopakana na India, China na Thailand hukabiliwa na swali kabla ya sentensi ya kwanza: kichwa cha makala kiwe Burma au Myanmar?

Nchi hiyo ilipata uhuru kutoka Uingereza tarehe 4 Januari 1948 ikiitwa Muungano wa Burma. Mwaka 1988 jeshi lilizima maandamano ya umma kwa risasi. Juni 1989 watawala hao wa kijeshi wakabadili jina la nchi kwa Kiingereza kuwa Myanmar. Wananchi hawakuulizwa. Umoja wa Mataifa ulilikubali jina hilo, Marekani ikabaki na Burma, na wapinzani wengi wakadai kwamba kulitumia ni kuwatambua madikteta.

Hoja hiyo naiheshimu, lakini haitoshi kuwa kanuni ya uhariri. Katika Kiburma chenyewe majina yote mawili ni ya kale: Myanma ni la maandishi na shughuli rasmi, Bama ni la mazungumzo. Tena, serikali ya upinzani iliyoundwa baada ya mapinduzi ya tarehe 1 Februari 2021 nayo hujiita ya Myanmar. Jirani zetu Wakongo wanalijua jambo hili. Mobutu aliiita nchi yao Zaire mwaka 1971, na jina likadumu hadi 1997. Ensaiklopedia ambayo ingelikataa isingemwondoa madarakani. Ingempotosha tu msomaji.

Hata hivyo, mhariri anayefuata kila tangazo la serikali hugeuka karani wa ikulu. Wazee wetu waliopigana huko katika Vita vya Pili vya Dunia walirudi wakisimulia habari za Burma, na Nairobi ina soko lenye jina hilo. Amri ya 1989 haiwezi kuyafuta hayo.

Kwa maoni yangu, kichwa kifuate jina ambalo wasomaji wa Kiswahili hulitumia leo, yaani Myanmar. Matukio ya kabla ya 1989 yaandikwe kwa jina la wakati wake. Aya ya kwanza itaje Burma, na ieleze nani alibadili jina, lini, na bila ridhaa ya nani. Msomaji akishayajua hayo, kichwa cha makala hakiwezi kumpa mtawala uhalali asiokuwa nao.