Faiba imefika katani, mbona intaneti bado ni ya polepole?

Nguzo zimesimamishwa na faiba imefika, lakini pale zahanati muuguzi bado anasubiri dakika nzima ukurasa ufunguke. Mara nyingi simu na kompyuta hazina kosa, na faiba yenyewe ni nzima. Tatizo ni kwamba data haipiti huko. Hapa tunaeleza kwa nini hutokea hivyo, na fundi akague nini.

Ruta huchaguaje njia?

Ruta ni mtambo unaopokea data na kuielekeza inakokwenda. Katika mitandao mikubwa, ruta hupashana habari za njia kwa kufuata kanuni maalumu. Mojawapo ya zinazotumika sana ni OSPF. Toleo lake la pili, linalotumika hadi leo, liliandikwa na John Moy katika waraka wa RFC 2328 wa mwaka 1998.

Kanuni hiyo huruhusu mtandao kugawanywa katika kanda. Kanda 0 ndiyo uti wa mgongo, na kanda nyingine zote huungana kupitia hiyo. Kila laini hupewa namba inayoitwa gharama. Si fedha, kwa kawaida laini yenye kasi hupewa namba ndogo.

Wengi hudhani njia yenye gharama ndogo hushinda daima. Sivyo. Ruta hutazama kwanza aina ya njia. Njia iliyo ndani ya kanda moja hutangulia, kisha inayopita kanda nyingine, na mwisho inayotoka nje ya mtandao. Gharama hulinganishwa kwa njia za aina moja tu. Ni kama mtu anayekwenda kwa jirani wa kijiji kile kile: atapita kichochoro chenye matope, hata kama barabara ya lami ipo nje ya kijiji.

Tuchukue mfano

Ruta ya mjini na ruta ya katani zimeunganishwa kwa laini mbili. Ya zamani ni ya minara, kasi yake megabiti 10 kwa sekunde, gharama 10, na imo kanda 1. Mpya ni faiba ya megabiti 1,000, gharama 1, lakini fundi aliiweka kanda 0. Mtandao wa zahanati umo kanda 1.

Data inayotoka mjini kwenda zahanati itapita minara, kwa sababu njia hiyo yote imo ndani ya kanda 1. Hata fundi akipandisha gharama ya minara hadi 65,535, ambayo ni ya juu kabisa, faiba haitachaguliwa.

Data inayotoka zahanati kwenda kwenye mitambo iliyo kanda 0 itapita faiba. Ndiyo maana dalili yake ni ya ajabu: kutuma picha ni haraka, kupokea ni taabu.

Fundi akague nini?

1. Afuatilie njia ya data pande zote mbili, kwenda na kurudi. Kupima upande mmoja hakutoshi.

2. Asome orodha ya njia ndani ya ruta. Katika ruta za Cisco, herufi O peke yake ni njia ya ndani ya kanda, na O IA ni ya kupitia kanda nyingine.

3. Ahakikishe kila laini imo kanda gani.

4. Aangalie kama kuna njia iliyotajwa kwa kundi dogo zaidi la anwani. Hiyo hushinda kabla ya mengine yote.

Dawa yake

Katika mfano wetu, faiba ihamishiwe kanda 1. Hapo njia zote mbili zitakuwa za aina moja, na gharama 1 itashinda 10. Kama faiba hiyo inahitajika pia kanda 0, waraka wa RFC 5185 wa mwaka 2008 unaeleza jinsi laini moja inavyoweza kuhesabiwa katika kanda zaidi ya moja.

Kuzima minara kutaonekana kumaliza tatizo siku hiyo hiyo. Lakini siku faiba ikikatwa na jembe au katapila, zahanati itabaki bila mawasiliano. Minara iachwe iwe akiba.

Unapompigia simu mtoa huduma, usiseme tu kwamba mtandao uko chini. Mweleze kama shida ni kutuma, kupokea au vyote viwili. Maelezo hayo yatamwonyesha fundi pa kuanzia.