Beseni la Yambuku na ufagio wa Bunyakiri

Septemba 2026 inatimia nusu karne tangu hospitali ya misioni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, ifunge milango kwa sababu wauguzi wake walikuwa wanakufa mmoja baada ya mwingine. Hotuba zitakuwa juu ya kirusi cha Ebola, mto uliokipa jina na mabingwa waliokigundua. Beseni la maji ya uvuguvugu huenda lisitajwe, au litajwe kwa haraka. Itakuwa hasara, hasa kwa mahali kama Bunyakiri.

Bunyakiri, katika wilaya ya Kalehe, iko kilomita zipatazo 80 kutoka Bukavu, kwenye Barabara ya Taifa namba 3 inayopenya Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Mvua ikikaza, lori linalala njiani na kila kilichomo kinalala nalo. Kwa hospitali ya rufaa iliyo mwisho wa barabara ya namna hiyo, maji, sabuni, klorini na mtu anayejua kuvitumia vinatangulia dawa nyingi zinazosubiriwa kutoka mjini. Mtu huyo ana historia ndefu, na katika historia hiyo heshima ni haba.

Wabelgiji walileta usafi Kongo pamoja na kiboko. Maofisa wa afya walipita vijijini wakikagua vyoo na mashimo ya takataka, na mwanakijiji asiyechimba choo alilipishwa faini au akafungwa. Mijini, hofu ya malaria na maradhi mengine ilitumiwa kuhalalisha mstari kati ya mtaa wa wazungu na mtaa wa weusi: Léopoldville ilikuwa na ukanda mtupu katikati, na Bukavu, iliyoitwa Costermansville hadi miaka ya 1950, iliwapeleka Waafrika wake Kadutu na baadaye Bagira. Si kwamba hakuna jema lililojengwa. Kule Katana, kando ya Ziwa Kivu, hospitali ya FOMULAC, matunda ya Chuo Kikuu cha Louvain, ilifundisha vizazi vya wauguzi. Lakini kufagia njia za posta na kufyeka majani ya boma ilikuwa mara nyingi kazi ya wafungwa. Macho ya watoto yaliona, nao wakaelewa.

Kisha usafi ukageuka mtihani wa utu. Mwaka 1948 ilianzishwa kadi ya sifa za uraia, na mwaka 1952 ikaja hadhi ya juu zaidi iliyomkaribisha Mwafrika msomi kwenye haki za mzungu. Mwombaji alitembelewa nyumbani na kamati. Wakaguzi walipita chumba kwa chumba, wakatazama jikoni, wakatazama choo, wakauliza mke na watoto wanakulaje mezani. Patrice Lumumba mwenyewe alikataliwa mara ya kwanza, akaipata mwaka 1954. Fikiria karani mwenye familia, aliyesoma, anayeandika Kifaransa safi, akisubiri barazani mgeni atoke chooni na hukumu. Kizazi hicho kilijifunza kuwa nyumba inayong'aa ni cheti, na kwamba anayeing'arisha awe mtu mwingine: mke, au boi.

Shule za misioni zilikazia somo hilo kutoka pande mbili. Asubuhi kucha zilikaguliwa mstarini. Mchana aliyechelewa au aliyekosa hesabu alipewa ufagio. Shule nyingi za leo zinafanya vivyo hivyo, halafu watu wazima wanashangaa kijana mwenye diploma ya serikali anapoona kushika ufagio ni kushindwa maisha.

Wakati huohuo, uchafu unaoua kweli ulikuwa mdogo mno kuonekana na kamati. Denis Mukwege, aliyezaliwa Bukavu tarehe 1 Machi 1955, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2021 kwamba alikaribia kufa akiwa na umri wa siku chache tu. Kitovu chake kilikatwa vibaya, maambukizo yakaingia, mwili ukaanza kukata tamaa. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti, na zahanati iliyokuwa karibu ilikuwa ya watawa wa Kikatoliki. Watawa wakamrudisha bila kumtibu. Aliyemwokoa ni Msweden, Majken Bergman, aliyeingilia ugomvi huo wa madhehebu hadi mtoto akapata penisilini. Mtoto huyo ndiye aliyefungua Hospitali ya Panzi mwaka 1999 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Wembe na uzi wa kitovu nusura viizuie historia hiyo yote, na kando yake wapo wenye imani wawili wakibishana ni mtoto wa nani.

Yambuku basi.

Hospitali ile ilianzishwa na wamisionari wa Kibelgiji mwaka 1935. Mwaka 1976 ilikuwa na vitanda 120 na wahudumu wa tiba 17, watawa wakiwa kati yao, na maelfu ya wagonjwa wa nje kila mwezi. Hakukuwa na daktari wa kudumu. Kwa wageni ilikuwa mfano wa utaratibu, na kwa wenyeji ilikuwa mahali pa sindano. Katika kizazi hicho, mgonjwa aliyerudi nyumbani bila kuchomwa alijihesabu hakutibiwa. Kidonge kilikuwa cha kubembeleza watoto. Sindano zilitolewa kwa malaria, kwa udhaifu, na kwa wajawazito waliokuja kliniki.

Ripoti ya Tume ya Kimataifa, iliyochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1978, inaeleza jinsi kazi ilivyokwenda, na lugha yake kavu inatisha kuliko simulizi yoyote. Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano tano. Tano kwa wagonjwa wa nje, wa wodini na wajawazito. Baina ya mgonjwa na mgonjwa zilisuuzwa katika chombo cha maji ya uvuguvugu. Jioni, mara nyingine, zilichemshwa. Chumba cha upasuaji kilikuwa na vifaa vyake, vikitunzwa mbali na kutakaswa kwa mvuke baada ya kila kazi. Maarifa yalikuwepo, basi, chini ya paa moja na beseni. Yalikuwa ya chumba cha upasuaji. Hayakufika mezani kwa wagonjwa wa kila siku.

Tarehe 26 Agosti 1976 mtu mmoja mwenye homa alichomwa sindano ya klorokwini. Siku chache baadaye hali ikageuka. Kufikia mwisho wa mlipuko kulikuwa na wagonjwa 318, na 280 kati yao walikufa. Katika wahudumu 17 wa hospitali, 11 walikufa, na tarehe 30 Septemba milango ikafungwa. Watu 85 walioambukizwa walikuwa wamechomwa sindano hospitalini hapo, na tume iliona kwamba kati ya walioambukizwa kwa sindano hakuna aliyepona. Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu wa virusi kutoka Kinshasa, alifika mapema na kutoa damu kwa mikono mitupu; alipochomoa sindano damu haikukoma, ikamtiririkia vidoleni. Amesema mara nyingi kwamba alinawa kwa maji na sabuni tu, na akaishi.

Vienna ilikuwa imefundishwa somo hilo mwaka 1847, Ignaz Semmelweis alipowalazimisha madaktari kunawa kwa maji ya klorini kabla ya kumgusa mzazi, na vifo vya wazazi katika wodi yake vikashuka kutoka asilimia 18 mwezi Aprili hadi karibu 2 mwezi Juni. Madaktari walimkasirikia. Hakuna msomi anayependa kuambiwa mikono yake ni michafu, na hilo halina rangi wala bara.

Usafi wa Zaire ya Mobutu ulikuwa wa uwanjani. Salongo, kazi ya pamoja ya lazima, ilitoa watu nje na majembe na mafagio, na asiyetokea alijua kitakachompata. Kivu bado ina Jumamosi za salongo. Barabara inafagiwa, mfereji unazibuliwa, mkuu anapita. Wodi haimo katika salongo. Waliokuwa vijana wakati huo leo ni babu na nyanya, na wengi wao wanapima hospitali kwa kipimo kilekile: ua uliofagiwa, sakafu inayong'aa, koti jeupe. Kipimo hicho kingeipitisha Yambuku kwa alama za juu.

Serikali ilipoacha kulipa, hospitali zikawa za familia. Gardemalade, ndugu anayelala chini ya kitanda cha mgonjwa, ndiye anayechota maji, kupika, kufua shuka na kumwaga ndoo. Amekuwa msafishaji mkuu wa hospitali za Kongo bila mkataba wala glavu. Kikwit, mwaka 1995, Ebola iliwapata watu 315, wahudumu wa afya wapatao 80 wakiwemo; barakoa, glavu na maji vilipofika, maambukizo kati ya wahudumu yalikoma karibu kabisa. Bunyakiri ilikuwa na misiba yake. Kuanzia 1998 ikawa ngome ya wapiganaji wa Mai-Mai wa kamanda Padiri Bulenda, watu wakaishi kati ya kijiji na msitu, na suala la nani anasugua sakafu likawa la anasa.

Lililobadilisha bei ya ufagio ni fedha. Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kuingia Kivu Kusini kupitia Mwenga mwaka mmoja baadaye, iliua watu 2,287. Pia ilileta posho za kila siku. Ghafla msafishaji akawa na fulana, buti, mafunzo na malipo, na vijana wenye diploma wakapanga foleni kwa kazi ambayo wazazi wao wangeificha. Foleni hiyo ilikuwa na upande wa aibu. Tume huru iliyotoa ripoti Septemba 2021 ilitaja washukiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono katika mapambano hayo, 21 kati yao wakiwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Wanawake waliotafuta kazi za chini, za upishi na usafi, walitakiwa kulipa kwa miili yao. Kazi iliyodharauliwa kwa karne nzima ilianza kulipa, na wakubwa wakaipangia bei.

Mlipuko ukaisha Juni 2020, miradi ikafungwa, posho zikaondoka na magari. Mpox ilipokuja na kutangazwa dharura ya kimataifa Agosti 2024, aina yake mpya ikiwa imetokea Kamituga, mkoani humuhumu, kituo cha Kavumu kilijaa watoto. Kavumu iko jirani na Miti, ambako njia ya Bunyakiri inachepuka kuelekea msituni. Miezi michache baadaye Marekani ilisimamisha misaada, na Februari 2025 Bukavu ikaingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23.

Wahudumu wengi wa afya nchini hawana matricule, namba ya utumishi wa serikali; wanaishi kwa primu inayotokana na wanacholipa wagonjwa, na fungu la mtu wa usafi hukatwa mwisho. Hata hivyo Kivu ina vijana waliofundishwa wakati wa Ebola kwamba klorini ya mikono ni asilimia 0.05 na ya sakafu ni 0.5, wanaojua kuvua glavu bila kujigusa na kwa nini maji ya uvuguvugu hayatoshi. Wamo mitaani, wengine juu ya pikipiki, wengine wakiuza mkopo wa simu. Daktari mkuu wa zoni yoyote ya afya anayepanga bajeti ya mwaka ujao anaweza kuanza kwa kuwaita.